Mbio za Chapuchapu Siku ya Dhoruba

Kwenye chumba cha kufulia cha hospitali walimwita Chapuchapu, maana rundo la mashuka alilolipiga pasi kwa saa moja, wengine wangelihangaikia hadi adhuhuri. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, na ishirini na miwili kati ya hiyo aliimalizia humo kwenye mvuke. Kukimbia alianza ukubwani, daktari alipomwambia presha imepanda. Wenzake walimcheka.

"Unamkimbia nani?"

"Kitanda," akawajibu.

Hakuwa akitania. Mama yake alipofika hamsini, kila mtu alianza kumwambia apumzike. Usibebe ndoo, mama. Usiende sokoni, mama. Akapumzika, akapumzika, mpaka miguu ikasahau kazi yake, na miaka tisa ya mwisho akawa mtu wa kugeuzwa ubavu kama mtoto mchanga. Aliyekuwa akimgeuza ni Chapuchapu. Tangu hapo neno "pumzika" lilimchoma kuliko tusi.

Jumamosi hiyo aliamka akiwa na mafua ya siku tatu. Pua imeziba, sauti imemkauka. Nje upepo ulikuwa ukiyapigapiga mabati na mvua inapita kiubavuubavu. Binti yake, aliyekuwa akiishi humo pamoja na mumewe, alimkuta anavaa soksi.

"Mama, na mafua hayo? Na mvua hii? Leo pumzika basi."

Neno likatua palepale pabaya. Chapuchapu akapapasa chini ya kiti, viatu hakuna. Binti alikuwa amevifungia kabatini, ufunguo ameukamata mkononi.

"Nipe viatu vyangu."

"Sikupi. Nije nikuzike kisa mbio?"

Chapuchapu akageukia mlangoni, akaviona viatu vya mkwewe.

"Mkwe, niazime."

Mkwe, kikombe cha chai mkononi, alimtazama mkewe, akatazama ukuta. "Chukua tu, mama," akasema kwa sauti ndogo.

Vilimzidi namba tatu. Akasokomeza gazeti kwenye ncha, akakaza kamba, huyoo.

Njia yake ilipanda hadi kwenye tangi la maji juu ya kilima. Mvua ilimpiga usoni kama changarawe. Kwa kuwa pua imeziba alihema kwa mdomo, na kila akihema anameza maji. Alipofika karibu na kiwanda cha mikate, bati liling'oka juu ya paa, likapita hatua mbili mbele yake na kujibamiza ukutani. Akasimama ghafla. Kwa mara ya kwanza akajiambia: mwanangu alisema kweli.

"Mama! Ingia huku, unataka kufa?" Mlinzi wa kiwanda alimvuta ndani ya kibanda chake, akamsogezea kreti. "Kaa, upumzike."

Alikuwa ameshaanza kukaa. Akainuka.

"Ahsante, baba. Nitasimama."

Akaanza kukimbia palepale alipo, maji yakimchuruzika sakafuni. Mlinzi alicheka hadi akashika mbavu. Baada ya robo saa upepo ulipungua, Chapuchapu akatoka, akapanda kilichobaki huku akikohoa. Juu aliligusa tangi kwa kiganja na kupiga kelele. Sauti haikutoka, lakini alipiga.

Akiwa anashuka alimkuta binti yake barabarani, mwavuli umepinduka, macho mekundu.

"Umeridhika sasa?"

"Nimefika kwenye tangi."

"Mimi pia sitaki uwe kama bibi," binti akasema, akilia waziwazi. "Lakini maiti ndiyo nafuu?"

Chapuchapu akamshika mkono, wakarudi wakitembea.

Mafua yalimshukia kifuani. Siku tatu alilala na homa, binti akimnywesha uji na kumgombeza kila kijiko. "Ungenisikia, yasingekupata haya."

"Kweli yasingenipata," alikubali. "Na kwenye tangi nisingefika."

Siku ya nne, homa haijaisha vizuri, binti alikuta kitanda kitupu. Mama yake alikuwa uani, mkono mmoja ukutani, anahesabu hatua.

"Nani kakuruhusu kutoka?"

"Ishirini na saba. Usinichanganye. Ishirini na nane."

Binti alitaka kumkamata kiwiko. Akajizuia, akabaki mlangoni anatazama.