Mama wa Kivukoni

Hapana, kaka, usinikate. Umesema aliyebadilishwa kutoka kitabuni ni mtu mmoja tu, na filamu yenyewe ina watu mia. Mtu mmoja tu! Kama umekuja kuwekewa hiyo filamu kwenye flashi nitakuwekea, ndiyo kazi yangu hapa, kutwa nzima nawawekea watu wa Turwa filamu kwenye flashi zao. Lakini usikae kwenye benchi langu ukaniambia mtu mmoja tu. Huyo mtu mmoja ndiye amenitenganisha na bibi yangu.

Yule mteja alicheka. Nikamrudishia flashi yake, nikamwambia aende duka la jirani. Bosi akaniuliza kama nimerogwa. Ndio nikaona bora niandike. Mdomo wangu huwa unaharibu.

Bibi yangu yuko Machochwe. Yeye hakuzaa. Mumewe alipofariki, alichukua ng'ombe akamwoa mama yangu. Ndiyo nyumba ntobhu hiyo: mwanamke asiye na mtoto wa kiume anaoa mwanamke mwenzake ili nyumba yake isizimike. Mama akatuzaa mimi na wadogo zangu wawili, na sisi ni watoto wa nyumba ya bibi, jina tunalobeba ni la nyumba yake. Kwetu hilo si la ajabu. Ila shuleni kulikuwa na watoto wa watumishi waliohamia, wananiuliza, "Eti baba yako anavaa gauni?" Nilipigana mpaka mwalimu akachoka kuniita ofisini.

Na nyumbani kulikuwa na mke mwenzake bibi, mama mwenye wana watano, boma lake linaangaliana na letu. Akipita na ndoo kichwani lazima aseme kitu. "Wengine huzaa, wengine hununua." Bibi hamjibu. Mimi ndiye nilikuwa namjibu, na mama ananichapa kwa kumjibu mtu mzima.

Shule niliacha kidato cha pili. Kiingereza changu kilikuwa cha kumsalimia mwalimu na kukaa chini. Binamu yangu wa upande wa Kenya ndiye aliyeniletea kitabu cha kwanza, cha mtumba, hakina jalada, hadithi ya nchi ambayo haipo. Nikatafuta kamusi. Miezi minane nilikaa na kile kitabu. Nilikuwa nakisoma shambani, juu ya dungu, tukilinda mahindi yasiliwe na nyani. Bibi ana debe lake la kupiga, mimi nina kitabu.

Siku moja akasema, "Hicho kitu kinasema nini mpaka nyani wanakula na wewe unacheka?"

Nikaanza kumtafsiria kwa Kikurya. Kuna mto, nikamwambia, unakula majina. Ukivuka, unafika ng'ambo hujui ukoo wako. Bibi akasema huo mto anaujua, umewala vijana wengi waliokwenda mjini. Tukaendelea hivyo. Vitabu viko saba, binamu alikuwa ananitafutia kimoja kimoja.

Kitabu cha tatu ndipo anatokea Mama wa Kivukoni. Bibi kizee, mjane, hana mtoto, anakaa pale watu wanapovukia. Anayevuka anamwachia jina lake, yeye analishika mpaka mwenyewe arudi. Msichana mmoja anakuja mbio, ana mimba, anakimbia vita. Yule mama anamwingiza ndani, anamwambia, mtoto utakayemzaa atakuwa wa nyumba hii, ataitwa kwa jina langu, na mto hautalila.

Bibi akaweka debe chini. "Rudia hapo."

Nikarudia. Akasema nirudie tena.

"Kwa hiyo kamwoa."

"Kamwoa."

"Na aliyeandika ni mtu wa wapi?"

"Mzungu, bibi. Mbali huko."

"Na huko wanajua!" Akacheka, akajipiga paja, akacheka tena. Siku hiyo nyani walimaliza mistari miwili ya mahindi na hakuna aliyeshuka kwenye dungu.

Nikiri kitu. Kitabu hakikusema kamwoa. Kilisema kampokea nyumbani kwake. Lakini mtoto ni wa nyumba yake, jina ni la kwake, sasa mnataka kiseme nini zaidi? Na kitabu cha kwanza kuna mahali nilibahatisha, kamusi yangu ilikuwa imenyofoka kurasa za mwisho. Nayasema haya sasa. Wakati ule sikuyasema.

Kuanzia hapo bibi hakuniuliza tena kuhusu majoka wala wafalme. Ilikuwa, "Mwenzangu anaendeleaje?" Hata nilipohamia Turwa, kitabu cha nne mpaka cha sita nilimsomea kwa simu, Jumapili akitoka kanisani. Na mke mwenzake akimpitishia neno, sasa anajibu. "Kuna mwenzangu Ulaya," anamwambia. "Muulize mjukuu wangu."

Halafu wakaanza kutoa filamu za vile vitabu. Ya kwanza niliiona, nikakasirika. Ya pili nikaitukana mpaka wateja wakaondoka. Moto unaoongea wameutoa, farasi wameongeza, kila mtu anabusiana. Lakini nikasema wacha, ya tatu ndiyo ina Mama wa Kivukoni, na yeye hawawezi kumgusa, bila yeye hakuna hadithi. Nikamwahidi bibi tutaiona wote. Ilipofika dukani sikuifungua. Wenzangu waliiona mimi nikiwa nimekaa nje, nimeziba masikio. Ilikuwa ahadi.

Mwenye kibanda cha video pale senta ya Machochwe namletea filamu, akanipa kibanda mchana mzima. Kulikuwa na nakala yenye sauti ya mmoja wa wale wanaotafsiri filamu kwa Kiswahili kwa kelele, nikaikataa. Nikachukua ya Kiingereza. Nikasema nitatafsiri mwenyewe.

Bibi alikuja amepaka miguu mafuta, amevaa kitenge cha kanisani. Nyuma yake kina mama kama kumi wa jumuiya yao, amewaalika. Kumwona mwenzake. Na mke mwenzake naye akaja, hakualikwa.

"Shikamoo mama," nikamwambia, maana bibi alikuwa ananiangalia.

"Marahaba. Nimekuja kumwona huyo bwana harusi wa kike."

Bibi akasogeza kiti chake mbele kabisa.

Mto ulikuwa mzuri, sikatai. Bibi alinigusa mkono alipouona. Msichana akaja anakimbia, na hana mimba, kiuno kama nyigu. Mlango wa nyumba ya kivukoni ukafunguka. Akatoka mzee mwanamume, ndevu nyeupe mpaka kitovuni.

"Huyo nani?" bibi akauliza.

"Mtumishi," nikasema. Sijui ilitoka wapi. "Mtumishi wake. Yeye yuko ndani."

"Ndani anafanya nini?"

"Anapika."

Mzee anamwambia msichana habari za upanga, mimi natafsiri kwa sauti kubwa: anasema mama anakukaribisha, anasema mtoto atakuwa wa nyumba hii, ataitwa kwa jina la mama. Kila kilichosemwa kitabuni nilikisema. Kina mama wanaitikia eee, eee. Nilikuwa nimekitetea kitabu vizuri mpaka yule mzee akachukua kibuyu akaanza kunywa maji.

Bibi akanigeukia. "Mbona yeye anakunywa na wewe bado unaongea?"

Mke mwenzake ndiye aliyewahi. Alipiga makofi kabla sijapata neno. "Jamani, mwenzake kaota ndevu!"

Kibanda kizima kilicheka. Hata wale kina mama wake. Hata mmoja anayemshika mkono wakienda kanisani.

Bibi angetoka ningejua la kufanya, ningetoka naye nikitukana. Hakutoka. Aliangalia mpaka mwisho, mikono juu ya mapaja. Mwisho ile nyumba ya kivukoni inachomwa moto. Iliungua, ikaanguka, na hakuna mtu aliyetoka.

"Na aliyekuwa anapika?" akaniuliza, polepole.

Nikainuka nikazima video.

Njiani alitembea mbele yangu. Nilimwambia filamu ndiyo imedanganya, kitabu ni kingine, waliotengeneza ni wajinga, nikawatukana kwa lugha tatu. Akaniacha nimalize.

"Sijakasirika," akasema. "Ulikuwa mtoto. Uliona mke mwenzangu ananisema, ukanitungia mwenzangu. Ulinionea huruma."

"Bibi, sikutunga!"

"Leo hukutunga?"

Nikakimbia nyumbani nikaleta kitabu cha tatu, nikamfungulia ukurasa ule ule, una alama ya kidole chake cha ugali. Akaushika, akauangalia, akanirudishia. "Karatasi inasema anachotaka anayeisoma." Nikasema nitamwita mdogo wangu asome, yuko kidato cha tatu. "Ninyi wa tumbo moja, mtapatana." Nikasema nitamleta mwalimu. Hapo akanisimamisha. "Usiniletee watu zaidi wa kunihurumia. Inatosha."

Bibi yuko hai, mzima, analima. Jumapili nikipiga simu anapokea. Ananiuliza kama nimekula, ananieleza tembo wameingia kwa nani, mvua imefika wapi. Haulizi mwenzake anaendeleaje. Mama anasema yule mke mwenzake akipita na ndoo na maneno yake, bibi siku hizi anaingia ndani.

Kitabu cha saba nimekisoma peke yangu. Sisemi kimeishaje. Sijawahi kumwambia yeye, sitakuambia wewe kwanza. Kuna ukurasa mle nilisimama katikati ya chumba nikapiga kelele, nikachukua simu, nikabonyeza namba yake. Akapokea. Nikamuuliza kama mahindi yameshika.

Najua mtasema ningetafsiri tu kilichokuwepo. Mzee ni mzee, upanga ni upanga, na yule mama hayumo, bibi, wamemtoa. Wenye akili mnajua kusema hivyo. Lakini ukae wewe katikati pale, bibi yako kapaka miguu mafuta, kakaa mbele ya watu aliowaita mwenyewe, anakuuliza huyo mwenye ndevu ni nani.

Wewe ungemjibu nini?