Msiba Uliokataa Kuvuka Mara Mbili

Shule niliacha darasa la tatu, kwa hiyo anayetafuta maneno ya kupamba akayatafute kwa mwingine. Nilichonacho nimekipata kwa kupasua mbao Matogoro, na nyumba hii ya Ruhuwiko ninamoandikia niliijenga mwenyewe. Naandika habari za pantoni kwa sababu wajukuu wanasimuliwa kwamba mtu wa pantoni alikuwa mlevi. Hakuwa mlevi. Mimi nilikuwepo, mtoto mdogo.

Ulikuwa msiba wa baba mkubwa, kaka yake baba, aliyekuwa amehamia ng'ambo ya mto. Baba mwenyewe alikuwa manamba, kibarua wa mkataba kwenye mashamba ya mkonge huko mbali, hakupata habari. Msafara uliongozwa na shangazi, dada wa marehemu. Wanawake walijifunga kanga kiunoni, wamebeba unga, kuku, na vibuyu vitupu vya kuchotea maji, maana kwetu huendi msibani ukakaa kusubiri kuchotewa. Mama alinipa kibuyu chake kikubwa.

"Kikumbatie," aliniambia. "Kikipasuka usinitazame usoni."

Pantoni ilikuwa mbao zilizopigiliwa juu ya mapipa. Injini haikuwepo. Waya ulifungwa kwenye miti kutoka ukingo huu mpaka ule, na abiria wenyewe waliuvuta, wote wamesimama upande mmoja, ule maji yanakotokea. Mvua zilikuwa zimenyesha na mto umejaa, rangi ya udongo. Mtu wa pantoni alitutazama, kisha akautazama mto.

"Shikamoo, mama. Poleni na msiba. Nitawavusha mara mbili."

"Marahaba," shangazi alisema. "Wewe umeona wapi msiba unaingia kwa mafungu?"

"Mto umejaa, mama."

"Kwa hiyo wa ng'ambo waseme tumekuja kwa zamu, kama foleni ya sindano?"

Wanawake walicheka, msiba au si msiba. Kwetu mnaingia uani kwa pamoja, kilio kimoja, ili wafiwa wajue kwamba ukoo umefika. Mkiingia wachache wachache, ni kama mnasema wengine hawakuguswa. Hilo ndilo lililokuwa kichwani mwa kila mtu. Mto haukuwemo.

Mtu wa pantoni akajaribu kwa mama. "Dada, hebu mwambie wifi yako."

Mama alimtazama shangazi, akainamisha macho. Mwanamke aliyeolewa hampingi wifi yake mbele za watu, tena siku aliyofiwa na kaka. Akapanda, nami nikapanda nyuma yake na kibuyu changu.

Tulipofika katikati maji yalianza kupita juu ya mbao upande wa waya, kwa sababu wavutaji wote walikuwa pale. Mtu wa pantoni akawaambia wakae chini, kila mtu mahali pake. Wao walikwisha kuona miguu imelowa. Wakauachia waya, wakakimbilia upande wa pili wote, kama walivyopanda wote. Pantoni ikapinduka.

Sikumbuki kuogopa. Nakumbuka kwamba nilikuwa bado nimekumbatia kibuyu, kwa sababu niliambiwa. Kibuyu kitupu hakizami. Kilinipeleka mpaka kwenye matete, mwanamume mmoja akanivuta mguu. Shangazi alitoka akiwa ameng'ang'ania pipa. Mama alizaliwa milimani, maji aliyoyajua yalikuwa ya kisima. Alionekana kesho yake. Mtu wa pantoni alizama pia, hakubaki wa kumsemea, basi ulevi akabandikwa yeye.

Shangazi ndiye aliyenilea. Alinilea vizuri, na habari za mto hatukuzizungumza.

Mwaka jana naye akafariki, mzee sana, nyumbani kwa binti yake, ng'ambo ya mto uleule. Tukaondoka Songea tumejaa kwenye Fuso langu. Siku hizi kuna kivuko cha injini. Mhudumu alituhesabu kwa macho, akasema nusu wapande, nusu wasubiri.

Binti yangu mkubwa akanivuta pembeni. "Baba, wewe ni mtu mzima, ukiongea naye ataturuhusu wote. Msiba wa bibi tunauingia kwa mafungu? Watasema nini?"

"Waseme."

"Ndicho kiburi chako hicho, baba. Mpaka msibani."

"Ndicho kilichojenga nyumba uliyokulia. Panda na hawa, mimi nitakuja na wa mwisho. Mkishuka, msiende popote. Kaeni chini mtungoje."

Alipanda huku amenuna. Kivuko kikaenda, kikarudi, kikatuchukua. Tulipokuwa katikati nikawaona ng'ambo, wamekaa mchangani, kanga kiunoni, kimya, wanatazama upande wetu. Jambo lenyewe ni dogo kiasi hicho: kukaa chini mchangani, kuwangoja wenzenu. Siku ile hakuna aliyelifikiria, shangazi hakulifikiria, wala mtu wa pantoni, na mama kama alilifikiria hakulisema.

Wa mwisho aliposhuka wakainuka, wakajikung'uta mchanga. Mmoja alitaka kuanza kulia, binti yangu akamzuia: "Ngoja kwanza tufike wote."

Tukaingia uani kwa kilio kimoja. Wafiwa hawakujua kwamba tulivuka mara mbili.