Mafua Yaliyokataliwa Mahale

Tulishuka kwenye boti chini ya milima ya Mahale baada ya kutwa nzima ziwani. Afisa mmoja wa mjini Kigoma, aliyetamani sana kuwaona sokwe, akakohoa kiganjani.

“Mzee, una mafua?” askari wa hifadhi akauliza.

“Vumbi tu, kijana.”

“Vumbi la ziwani?”

Tukacheka. Afisa akajikaza, macho yakamtoka, na kikohozi kikatoka pia.

“Pole, mzee. Mwenye mafua hapandi mlimani. Sokwe wakiambukizwa wanakufa, nao wamebaki wachache.”

“Unajua mimi ni nani?”

“Mimi najua, mzee. Sokwe ndio hawajui.”

Akabaki kambini.

Jumatatu nilipanga foleni ofisini kwake mjini, mtaa wa Katubuka. Alitukoholea mmoja mmoja, bila kuziba mdomo. Hakuna aliyemzuia. Sisi, nadhani, bado tuko wengi.