Uyoga wa Kichuguu cha Masalani

Nikiwa mtoto wa darasa la tatu, Mama alihamishiwa Masalani kufundisha, akanichukua mimi tu. Baba alibaki Kakamega na ng'ombe wake. Jamani, upweke wa mji ule kwa mtu aliyezoea kelele za ukoo! Mama alikuwa na rafiki mmoja, jirani yetu Eddo Sahra. Eddo ndivyo Wasomali wanavyomwita shangazi, nami nikamwita hivyo. Kila jioni alikuja na birika la chai ya maziwa ya ngamia, wakakaa mkekani wakicheka mpaka adhana ya magharibi. Bila muda ule mfupi, nadhani Mama angefunga virago.

Mwaka mmoja mvua ilinyesha sana, na nyuma ya nyumba, kwenye kichuguu, uyoga ukaota. Ulikuwa ule ule wa kwetu, Mama aliujua tangu utotoni, akauchuma akiimba. Sasa, kwetu kuna imani kwamba uyoga wa kwanza hauliwi peke yako. Ukimnyima jirani, mvua ijayo hutauona hata ukiukanyaga. Basi Mama akaupika kwa mchuzi wa karanga, akajaza bakuli, akalifunika na kunituma. Eddo alikuwa sokoni. Nikampa binti yake Hodan, rika langu, naye akalimaliza bakuli zima.

Asubuhi Eddo alikuja na bakuli letu limeoshwa, akabaki mlangoni. Akaeleza kwamba Hodan amelia usiku kucha, tumbo limejaa kama ngoma. Vichuguu ni nyumba za majini, alisema, na kinachoota juu yake ni chakula chao, hata mtoto mdogo anajua. Mama akaapa kwamba sisi wawili tulikula na tu wazima. Hapo ndipo alipoharibu kabisa.

“Nyinyi majini wamewazoea,” Eddo akasema taratibu. “Mimi sina ubaya na wewe, mwalimu. Lakini naogopa.”

Kufikia adhuhuri Hodan alikuwa nje akicheza. Eddo hakuja jioni ile, wala nyingine. Salamu hakutunyima, ila ziliishia uani. Mama aliendelea kutandika mkeka, akakaa kidogo, kisha akaukunja. Niliumia kumwona hivyo, na sikujua la kufanya.

Mwaka huu nimepatikana na ugonjwa wa sukari. Mtaalamu wa lishe hapa Garissa akanishauri nile uyoga mara kwa mara. Eti nyuzinyuzi zake hulisha vijidudu vyema vya utumbo, na sukari haipandi kwa kasi baada ya mlo. Ila nianze kidogo kidogo, maana tumbo lisilouzoea hujaa gesi. Nikacheka mwenyewe pale kitini. Kumbe Eddo alikuwa amekaribia ukweli!

Nikampigia Mama palepale. Nikamweleza yote, gesi, nyuzinyuzi, vijidudu, nikidhani namtua mzigo. Alinisikiliza hadi mwisho.

“Nilijua siku ile ile kwamba si jini,” akasema. “Lakini miaka miwili tuliyobaki pale, mwanangu, jioni sikuwa na mtu wa kuongea naye.”

Mimi nilikuwa nimemweleza habari za tumbo la Hodan, na Mama bado alikuwa akimlilia Eddo Sahra.