Gunia la Stima

Mwaka wa 1971, nikiwa na miaka kumi na miwili, baba alifariki na shule yangu ikaishia hapo, darasa la tatu. Sisemi hivyo ili nionewe huruma. Nasema ili ujue kwamba anayekusimulia haya hakusomeshwa na mtu. Nilisomeshwa na jembe kule Uriri, nikasomeshwa na mashimo ya dhahabu kule Osiri, halafu wafanyabiashara wa Migori wakanimalizia masomo kwa kunitapeli mara mbili. Mara ya tatu hawakuweza.

Ya jembe siyasemi sana, kila mtu wa kwetu anayajua. Lakini ya Osiri lazima niseme, maana bila hayo hutaelewa kilichonipata Homa Bay nikiwa mzee mzima mwenye mvi.

Tulikuwa tunachimba shimo moja watu wanane. Mawe yenye dhahabu yalitoka shimoni yakiwa ndani ya magunia, na siku ya kugawana magunia yalipangwa mstari mmoja juani. Kabla mtu hajagusa lake, yale ya gharama yalitolewa kwanza. Gunia la mwenye shamba. Gunia la pampu, kwa sababu bila pampu maji yangetuzamisha. Gunia la mbao za kuzuia udongo usituangukie. Gunia la mama aliyetupikia. Yaliyobaki ndiyo yetu. Hakuna aliyeandika kitu. Macho ndiyo yalikuwa kitabu, na kitabu hicho kila mmoja wetu alijua kukisoma.

Na kulikuwa na sheria. Ukisema umepunjwa, ukataka magunia yapangwe upya, wewe ndiye unayefungua lako kwanza. Unalimwaga chini mbele ya watu. Likikutwa na jiwe ambalo si lako, gunia zima linagawanywa kwa wenzako na wewe unarudi nyumbani mikono mitupu. Nilimwona mtu mzima akilia kwa sababu ya sheria hiyo. Nilimcheka.

Pesa ya Osiri ndiyo iliyonifungulia duka Migori, la misumari, mabati na saruji. Mwenye jengo alikuwa mfanyabiashara Mwislamu aliyetoka mbali, akaja kwetu na mabunda ya vitambaa, akabaki. Mkataba wetu ulikuwa wa mdomo, tumesimama mlangoni. Aliniambia, "Kodi ni hii. Paa likivuja, ni langu. Mlango ukivunjika, ni wako. Mbele ya duka ufagie mwenyewe." Tukashikana mikono. Miaka kumi na tisa hatukugombana hata siku moja. Alipofariki, watoto wake wakauza jengo, nami nikaambiwa nitafute pengine.

Binti yangu ameolewa Homa Bay. Ndiye aliyeniambia kuna jengo jipya, ghorofa nne, karibu na ofisi za kaunti, na mbele watu hupita wengi. Nikaenda, nikaliona, nikalipenda. Nikachukua nafasi ya chini yote ya upande wa kulia, pamoja na ua wa nyuma ambapo mafundi wangu wawili wangechomelea milango na madirisha ya chuma. Mwenye jengo mwenyewe sikumwona. Nilikutana na wakala wake, mwanamke wa makamo, mpole, mwenye miwani na faili. Akanipa mkataba wa kurasa kumi na nne.

Binti yangu akanyoosha mkono. "Baba, nipe nisome kwanza."

"Nilikuwa natia sahihi kabla hujazaliwa," nikamwambia. Nikatia sahihi zote, ukurasa kwa ukurasa, haraka haraka, ili wakala asidhani natafuta pa kuanzia.

Bili ya kwanza ilipokuja, kodi niliijua. Chini yake kulikuwa na mstari mwingine wa pesa.

"Madam, hii ni nini?"

"Ni sevis chaji, mzee. Gharama za kuendesha jengo. Mlinzi, kufagia ngazi, taa za ngazi, pampu ya maji, jenereta, bima. Wapangaji wote wanachangia, kila mtu kulingana na ukubwa wa nafasi yake."

"Mimi nafagia kwangu mwenyewe. Na hizo ngazi sijapanda hata moja."

"Na paa la ghorofa ya nne, mzee, halikukingi mvua?"

Miaka yote ya biashara, leo nashindwa na mwanamke mwenye faili! Niliuchukua ule mkataba mpaka kwa binti yangu. Akapindua kurasa polepole. "Ukurasa wa tisa, Baba. Iko hapa."

"Inasemaje?"

"Inasema umekubali."

Nikalipa. Lakini toka siku hiyo nilikuwa kama mtu aliyemeza mfupa wa samaki. Kila bili ilikuja imenenepa kuliko ile iliyotangulia. Na wapangaji wa juu ndio walioumia zaidi, kwa sababu mtu mdogo hata akipunguziwa fungu, fungu lenyewe linamshinda.

Mmoja wao alikuwa fundi wa cherehani wa ghorofa ya tatu, mjane, mwenye mashine tatu na zabuni ya kushona sare za shule mbili. Alikuwa mtu wa kwetu, kwa hiyo nilimwita nyar Uriri, binti wa Uriri, na yeye akaniita Baba. Mtu wa kwenu akiwa ugenini, wewe uliyemtangulia umri ndiye mdomo wake. Ndivyo tulivyolelewa.

Jumatatu moja akashuka na karatasi. Alikuwa nyuma kwa sevis chaji. Asipolipa kufikia Ijumaa, mlango wake ungefungwa kwa kufuli, na sare zote zikiwa ndani, na shule zinafunguliwa wiki iliyofuata.

"Kodi nimelipa, Baba. Hii nyingine ndiyo inanimeza. Nimeshona mpaka vidole vimekufa ganzi, kumbe nazishonea taa za ngazi."

"Hakuna atakayekufungia," nikamwambia. "Maadamu niko hapa, hakuna."

Siku hiyo nikazipanda zile ngazi kwa mara ya kwanza, mlango kwa mlango, nikipumua kama ng'ombe mgonjwa, nikiwaita wapangaji wote. Wakala naye nikampigia simu. Jumatano saa nne tukakutana chini, kwenye ukumbi wa kuingilia. Mimi nilishatangulia. Nilikuwa nimepanga mifuko mitupu ya saruji mstari mmoja, na juu ya kila mfuko nimeweka kitu ili hata asiyesoma aelewe. Rungu la mlinzi. Ufagio. Bomba la maji. Mtungi wa mafuta, huo ni wa jenereta. Balbu, hiyo ni stima ya ngazi na ya pampu, ile tunayotumia pamoja. Bima nilikosa kitu cha kuiweka, nikaweka mwavuli wangu.

Wakala akavua miwani. "Mzee, hii ni ofisi ama soko?"

"Hii ni Osiri," nikamjibu. "Wewe soma bili, mimi natia misumari. Kila elfu, misumari kilo moja."

Watu wakacheka, lakini akasoma. Mlinzi, nikatia misumari. Ufagio, nikatia. Bima, nikatia kidogo. Jenereta, nikatia ikafika nusu. Tulipofika kwa balbu, nilitia mpaka mkono ukachoka, mfuko ukasimama wenyewe kama mtu mnene aliyekaa. Ulikuwa mkubwa kuliko mingine yote ukiichanganya.

"Yawa!" akasema mwenye duka la kinyozi wa ghorofa ya pili. "Taa za ngazi zinakula hivyo? Zinakula kama bwana arusi?"

"Hapo!" nikapiga kelele. "Hapo ndipo mwizi amelala!"

Wakala hakupandisha sauti. "Bili ya stima inatoka kwa wenye stima, mzee, hii hapa mkononi. Kama kuna mtu anakula, anakula ndani ya jengo."

Sasa watu wakaanza kutazamana. Mwenye kinyozi akamtazama mwenye duka la kompyuta, wa kompyuta akamtazama wa kinyozi. Nikaona ni wakati wangu. Nikasimama katikati, nikawasimulia ile sheria ya Osiri, kwamba anayedai magunia yapangwe upya hufungua lake kwanza. "Kwa hiyo anzeni kwangu," nikasema. "Fundi wa stima nimemwita mimi, na pesa yake natoa mimi. Na mjue, mimi tokeni zangu za stima zinakaa mwezi na nusu. Ulizeni. Najua kutumia stima. Nazima taa. Ninyi mnaacha redio ikiimbia kuta."

Nilikuwa nimejisifu hivyo hivyo mwaka mzima, kwa kila aliyeniomba ushauri.

Fundi akafungua sanduku lililo chini ya ngazi, akashika swichi ya stima ya pamoja. "Nikizima hapa," akasema, "kinachokufa ni cha jengo. Cha mtu binafsi kitabaki kinawaka."

Akazima. Taa za ngazi zikafa. Pampu ya maji ikanyamaza. Duka langu, balbu zote zinawaka, feni inazunguka.

"Mnaona?" nikasema, mikono nimeinyoosha. "Mnaona?"

Nilipomaliza kusema ndipo nikasikia jinsi palivyokuwa kimya. Mashine ya kuchomelea, ambayo nilikuwa nimeizoea hata siisikii tena, haikuwepo. Jiwe la kusagia chuma lilikuwa linazunguka polepole, linalia kwa sauti inayoshuka, inashuka, mpaka likasimama. Na kutoka uani fundi wangu akapaza sauti kwa nguvu zake zote:

"Mzee! Huku stima imepotea!"

Sijawahi kupigwa na mtu kofi la namna hiyo. Fundi wa stima akaufuata waya kwa kidole, taratibu, kutoka kwenye lile sanduku, nyuma ya bomba, kupitia tundu la ukutani, mpaka uani kwangu. Nami kila alipopiga hatua nilikuwa nakumbuka. Siku nilipohamia, yule aliyeniwekea waya aliniuliza stima ya ua aitoe wapi, maana mita yangu ilikuwa mbali, upande wa mbele. Nilimwambia, "Toa hapo karibu." Sikumwambia aibe. Nilimwambia asinimalizie waya. Nilijinyima mita chache za waya, na kwa ajili ya hizo mwanamke wa watu alikuwa afungiwe mlango Ijumaa.

Mwenye kinyozi alitazama viatu vyake. Hatimaye nyar Uriri ndiye aliyefungua mdomo, kwa sauti ya chini kabisa.

"Baba. Kumbe nimekuwa nikikuchomelea milango?"

Mtu mmoja akacheka, wengine wakafuata, wakacheka mpaka wakashikilia ukuta. Mimi nilibaki nimesimama. Nilimkumbuka yule mtu mzima wa Osiri niliyemcheka akilia, na nikajua sasa zamu yangu imefika, na sitalia.

"Sikilizeni," nikasema. "Sikujua, lakini shimoni hakuna kutojua. Jiwe limekutwa gunia langu. Gunia ni lenu. Stima yote ya pamoja, toka siku niliyoingia, ni yangu. Madam, andika. Mlichotoa kwa ajili yake, kila mmoja arudishiwe. Cha nyar Uriri kianze, leo, kabla hujafunga faili."

Wakala akaandika. Nikamwona ameshangaa, na nadhani ameniheshimu, ingawa sikumuuliza. Kisha akasema, "Basi tumemaliza."

"Hatujamaliza," nyar Uriri akasema.

Akainua ule mtungi wa mafuta kutoka juu ya mfuko wa jenereta. Mimi kuhusu jenereta nilikuwa na swali muda mrefu, lakini wakati huo sikuwa na mdomo tena wa kuuliza. Yeye alikuwa nao.

"Baba amefungua lake. Sasa hili. Madam, jenereta iko wapi?"

"Inaletwa."

"Inaletwa tangu lini?"

Wakala akapekua faili. Akapekua tena. "Ilikuwa kwenye bajeti ya mwaka," akasema, na miwani ikamshuka puani.

Mayie! Mwaka mzima tulikuwa tunanunulia mafuta mashine ambayo hata haijazaliwa! Mwenye kinyozi alikaa chini kabisa, kwenye sakafu. Wakala akauchukua ule mfuko mwenyewe, akamwaga misumari chini, akaondoka kwenda kupiga simu kwa mwenye jengo. Mwisho wa mwezi mstari wa jenereta haukuwepo kwenye bili, na tulichokuwa tumetoa kikakatwa kwenye kodi. Tangu wakati huo bili zote za jengo hubandikwa ukutani pale chini ya ngazi, stima, maji, mlinzi, bima, kila mtu ajisomee. Mimi husomewa na binti yangu. Huja kila mwanzo wa mwezi, na ukurasa wa tisa ameniwekea alama ya kalamu nyekundu.

Ili kulipa niliuza lori langu moja kati ya mawili. Liliniuma, na linaniuma hadi leo nikiliona barabarani na mtu mwingine akiliendesha vibaya. Ijumaa ile mlango wa ghorofa ya tatu haukuguswa. Jumamosi sare zikashuka kwenye ngazi zimefungwa mafungu mafungu, na mwenyewe nikasaidia kubeba mawili. Nyar Uriri bado ananiita Baba, lakini taa za ngazi zikififia kidogo tu, husimama mlangoni kwangu akaita, "Baba, uko uani?"

Nilicho nacho leo ni hiki. Shamba Uriri, ekari tano, na nyumba ya matofali. Ng'ombe saba. Mashine moja ya kusaga unga. Lori moja. Duka Homa Bay, la kukodi, na mkataba wake niliosomewa wote, mwanzo hadi mwisho. Mashine mbili za kuchomelea. Waya mrefu, niliununua kwa bei ya dukani kwangu mwenyewe, unaotoka mbele ya duka hadi uani. Na mita mbili za stima, zote kwa jina langu.