Mama mkwe alivyonijazia perege kwenye aquarium ndogo, na nilivyowatetea guppy wangu sita

Heshima kwenu wakuu. Hii imenitokea mimi mwenyewe, na mke wangu yumo humu humu jukwaani, nikiongeza chumvi atanisuta.

Nina aquarium ndogo sebuleni, nyumbani kwangu Msamala, hapa Songea. Inaingia ndoo mbili za maji, basi.

Mwanzoni niliwajaza guppy, wale samaki wadogo wa mapambo, pakawa kama sokoni. Wakafa. Niliumia sana, msinicheke.

Nikakaa chini, nikasoma, nikaamua: sita tu, tena madume watupu ili wasizaliane. Maji yakatulia, wakawa wanapepea mikia kwa raha zao. Nikitoka kazini nawaangalia kwanza, viatu baadaye.

Sasa akaja mama mkwe.

Mama anaishi Mshangano, hapa hapa Songea, anafuga perege bwawani kwake, na kwenye mambo ya samaki huwa hapendi kufundishwa. Akaitazama aquarium, akanitazama na mimi.

"Baba, mbona wachache hivi? Na wake zao wako wapi?"

Nikamjibu kwa adabu kwamba nawapenda hivyo hivyo. Akaguna tu.

Wiki iliyofuata narudi kutoka kazini, nakuta perege wa ukubwa wa kiganja wamebanana mle ndani! Maji machafu, guppy wangu wamejibanza nyuma ya pump. Mama yuko kwenye kochi, anatabasamu. Kawaleta kwenye ndoo, kwa bodaboda, kutoka Mshangano.

Wakuu, nilitaka kulia.

Mnajua zawadi ya mkwe hairudishwi. Ukiirudisha, ukoo mzima utakujadili. Ukinyamaza, samaki wako wanakufa.

Nikamwangalia mke wangu aniokoe. Akasema, "Samaki wako, mkwe wako," akaingia zake jikoni.

Jikoni! Hapo ndipo akili ikanijia.

Nikainama kidogo. "Shikamoo mama. Zawadi nimeipokea kwa mikono miwili. Ila perege wako wamenona mno, kuwaangalia tu ni dhambi. Naomba leo tuwale, na uwaunge wewe mwenyewe."

Mama akageukia aquarium.

"Na hao wako?"

"Maji yale yanawatosha hao sita tu, mama. Wakizidi wanakufa. Nimeshawazika wengi."

Akainuka, akachungulia nyuma ya pump kwa muda. Kisha akachukua ndoo yake.

"Ungenieleza hivyo toka mwanzo, baba. Hata mie bwawani nikizidisha wanadumaa."

Tulikula ugali kwa perege siku ile mpaka tukalegea. Nikabadilisha maji kidogo kidogo, na guppy wangu wote sita wakapona. Nilitembea kifua mbele humo ndani, acheni tu.

Lakini utamu wenyewe ulikuja baadaye, mama alipokuja tena kututembelea. Jirani kaja na guppy kwenye mfuko wa plastiki, eti aniongezee. Kabla sijafungua mdomo, mama mkwe akadakia kutoka kwenye kochi:

"Hapa ni sita. Huyo mtafutie kwingine."

Nilichojifunza: idadi ya samaki inaamuliwa na maji, siyo na macho ya wageni. Na kwa mkwe, sema ukweli kwa heshima, lakini useme.

Haya, wenye aquarium ndogo, nyie mnaweka wangapi? Karibuni mtiririke. Ila atakayenishauri niongeze wa saba, nitampa namba ya mama mkwe wamalizane wenyewe.