Kiingilio cha darasa la Mwalimu Dafroza ni swali

Saa mbili kasorobo asubuhi, na jua la ziwani limeshaanza kuchoma kisogo. Mwalimu Dafroza Wenceslaus amesimama kwenye mlango wa darasa la kwanza, khanga kiunoni, amewazibia watoto njia. Hapiti mtu bure hapa. Kiingilio ni swali.

"Mwalimu, samaki anafumbaga macho akilala?" anauliza wa kwanza.

"Pita. Kambale yumo kwenye karai kule nyuma. Mwangalie mpaka uchoke, halafu utuambie."

Wa pili anataka kujua kwa nini moshi hauanguki. Pita. Wa tatu amekuja na swali la jana. Anarudishwa mwisho wa mstari akafikiri upya, naye anakwenda huku anacheka.

Mlango wenyewe ni jina tu. Ni uwazi ukutani wenye fremu, bila ubao, na humo ndani watoto zaidi ya themanini wanakaa sakafuni. Habari ya ubao uliokosekana tutaifikia, na msomaji ajiandae kukasirika.

Hii ni shule ya msingi ya Bwirenga, kijiji cha wavuvi, wakulima na wafugaji, mwendo wa baiskeli kutoka Musoma mjini. Mwaka ni 1992. Redio inatuambia biashara sasa ni huria, na kweli maduka ya mjini yamejaa sabuni na dawa ya meno, vitu ambavyo miaka michache iliyopita vilikuwa hadithi. Chaki hazijapata habari hizo. Mwalimu Dafroza anaandika ubaoni kwa kipande cha muhogo mkavu, na kikibaki kinasagwa ugali.

Mshahara wake hauvuki tarehe kumi ya mwezi. Siku zinazobaki anakaanga maandazi, na mumewe, Nathanieli, anayauza mwaloni wavuvi wanaposhusha samaki.

Dafroza alizaliwa Kabasa, Bunda, na amefundisha miaka kumi na minne. Swali la mlangoni lilianza kwa kosa lake mwenyewe.

"Nilikuwa na malaria, ulimi unajiendea," anasimulia. "Nikawaambia ng'ombe ana miguu mitatu. Darasa zima likaitika, 'Ndiyo mwalimuuu.' Watoto wa wafugaji hao. Wengine walikuwa wametoka kuswaga ng'ombe asubuhi ile ile. Nilishikwa na hasira, tena siyo kwao. Kwetu sisi, tuliowafundisha kuitika kabla ya kufikiri."

Tangu siku hiyo alipiga marufuku kuitika kwa pamoja. Mtoto asiye na swali anasimama nje mpaka alipate, na hakuna aliyewahi kukaa nje hadi mapumziko. Wanafinyanga udongo, wanatunga hesabu zao wenyewe, wanabishana mpaka mishipa inawatoka.

Wazazi hawakufurahi. Huku mtoto hamhoji mkubwa, anatumwa, anakwenda. Pastory, mvuvi ambaye binti yake Boke yumo darasani humu, alikuja kulalamika.

"Mwalimu, huyu ananiuliza kwa nini mimi nakula sebuleni, mama yake jikoni. Nimjibu nini sasa?"

"Mjibu unachokijua, Baba Boke."

"Sasa kama sikijui?"

"Basi mmekuwa wawili. Tafuteni pamoja."

Pastory aliondoka akitikisa kichwa. Mambo yangeishia hapo, kama si mbao.

Mwaka jana kila kaya ilichangia madawati na milango ya shule, wenye pamba wakatoa pamba, wavuvi wakatoa dagaa. Mbao zikanunuliwa. Lori likakwama kwenye tope kabla ya kijiji, na watoto wa kijiji, hata ambao hawajaanza shule, ndio waliozibeba kichwani, wadogo wawili wawili kwa ubao mmoja. Zikahifadhiwa nyumbani kwa mwenyekiti wa kamati ya shule, Bwana Apolinary, zisiliwe na mchwa. Dawati halijaonekana hata moja, wala mlango.

Kilichoonekana ni rafu mpya katika duka la Bwana Apolinary pale mwaloni, zimepakwa rangi ya kijani. Kijiji kizima kimenunua chumvi mbele ya rafu hizo. Kijiji kizima kimenyamaza. Watu wazima nao wanajua kuitika ndiyo mwalimu.

Mwezi Mei mwaka huu akaja mgeni kutoka wilayani. Watoto wakapangwa paredi, ngoma ikachezwa, soda ikafunguliwa. Mgeni akafurahi, akamshika Boke kichwani, akamuuliza kama ana swali. Hakujua alikuwa anagusa mtoto wa darasa gani.

"Shikamoo," alisema Boke. "Mbao yangu mimi na Kudura ilikuwa na fundo jeusi. Tuliibeba kwa kichwa. Nimeiona kwa duka la mzee Apolinary, imepakwa rangi lakini fundo linaonekana. Ilienda kufanya nini kule?"

Mgeni aliangalia saa yake. Muda haukuwa umekwenda, lakini aliondoka.

Kamati ilikaa jioni hiyo hiyo, na ajenda ilikuwa adabu ya mtoto. Mbao hazikutajwa. Mwalimu mkuu, Bwana Stanislausi, alimkabidhi Dafroza fimbo ili Boke achapwe mbele ya paredi.

Dafroza aliirudisha. "Nilimwambia, mkuu, nikimchapa leo kwa sababu ya swali, kesho nimfundishe nini?"

Boke alichapwa hata hivyo, nyumbani, na baba yake.

Kisha likaja neno la kamati kwa Dafroza: aache michezo ya mlangoni, la sivyo ataombewa uhamisho kwenda kisiwani Rukuba. Wakati huo huo atanyang'anywa darasa la kwanza, lipewe mtu wa kuwarudisha kwenye kuitika. Jibu lake linatakiwa leo.

Mwandishi wa makala haya alimfuata Bwana Apolinary dukani. "Shule siyo bunge," alisema. "Mtoto afundishwe kusoma, ujuaji wa nini? Mwalimu anatuharibia watoto." Na mbao? "Suala hilo liko kwenye utaratibu."

Utaratibu huo ni wa kijani, na juu yake zimepangwa sabuni. Fundo jeusi lipo, upande wa kushoto, chini ya viberiti. Mtu mzima anayeogopa swali la mtoto wa miaka saba, halafu akaliita utovu wa adabu, anastahili kuambiwa kwamba asiye na adabu ni yeye.

Dafroza haogopi kisiwa. Anachoogopa ni darasa hili. "Wakiondoka mikononi mwangu sasa, miezi miwili tu watakuwa wananyamaza kama wazazi wao. Sitaki wawe mawaziri mimi. Nataka siku mtu akisimama akawaambia ng'ombe ana miguu mitatu, hata mmoja anyanyuke. Siachi. Na wakinipeleka Rukuba, kule nako kuna watoto, nitasimama mlangoni."

Mstari umebaki mfupi. Mwalimu mkuu ameshatoka ofisini kwake, anakuja kuchukua jibu. Mwishoni kabisa mwa mstari, nyuma ya Boke, amesimama Pastory, bado ananuka ziwa. Watoto wanazibana midomo wasicheke.

Boke anauliza lake na kupita. Zamu ya baba inafika.

"Habari ya asubuhi, Mwalimu."

"Nzuri, Baba Boke. Kiingilio unakijua."

Pastory anakohoa. Mwalimu mkuu amefika, amesimama pembeni, anasikia.

"Mimi nilitoa dagaa, gunia zima," anasema Pastory. "Duka lile naingiaga kila siku, na mbao naziona. Swali langu: kwa nini nilimchapa mtoto, sikumuuliza Apolinary?"

Dafroza anamtazama, kisha anamtazama mwalimu mkuu.

"Swali ni zuri," anasema. "Jumamosi kuna mkutano wa kijiji, nenda nalo. Sasa pita."

Pastory anavua kandambili zake, anaingia, na anakaa sakafuni karibu na binti yake, mahali ambapo dawati lilitakiwa kuwapo.